Pa Kulala na Pa Kulima: Historia ya Kuchagua Makazi katika Bonde la Kilombero

Bonde la Kilombero liko kusini mwa Mkoa wa Morogoro, limebanwa kati ya milima ya Udzungwa upande wa kaskazini-magharibi na nyanda za juu za Mahenge upande wa kusini-mashariki, na katikati yake hupita Mto Kilombero, ambao Wajerumani waliuita Ulanga na ambao, baada ya kukutana na Luwegu, huzaa Mto Rufiji. Kila masika, hasa kati ya Machi na Mei, mto huo hufurika na kuigeuza sehemu kubwa ya tambarare kuwa ziwa lisilo na kina, na maji yanapopungua huacha udongo ambao mpunga huupenda kuliko mazao mengine. Ardhi oevu hiyo, yaani ardhi inayokaa na maji kwa muda mrefu wa mwaka, iliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya mkataba wa Ramsar wa kuhifadhi maeneo ya aina hiyo duniani, ikiwa na ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 7,967. Kutokana na umbile hilo, ardhi iliyo bora kwa kulima bondeni ndiyo iliyo mbaya kwa kulala, na ardhi iliyo salama kwa kulala mara nyingi iko mbali na shamba. Historia ya makazi ya mji wa Ifakara na vijiji vyake ni historia ya familia zilizojipimia umbali huo kwa miguu yao, na ya serikali tatu zilizofuatana ambazo kila moja iliona ni wajibu wake kuwapimia.

Chini ya milima ya Udzungwa, kutoka Kidatu kupitia Sanje na Mang'ula hadi Kiberege, upo ukanda mwembamba wa nchi yenye vijito visivyokauka. Chini yake hufuata miteremko ya mchanga na tope lililoletwa na vijito hivyo kwa karne nyingi. Na chini kabisa ni mbuga yenyewe inayofurika. Ifakara, ambao ndio mji mkubwa wa bonde, uko pale tambarare inapojibana, juu ya ardhi iliyoinuka kidogo tu kuliko mbuga, na kwa sababu hiyo tangu zamani palikuwa mahali pa kuvukia mto kwa aliyetoka au aliyekwenda Mahenge. Kuinuka huko ni kudogo kiasi kwamba mgeni wa kiangazi hawezi kukutambua, lakini kwa anayetafuta pa kujenga kuna uzito kuliko mlima wowote unaoonekana kwa mbali.

Katika karne ya 19 kilichoamua mahali pa kuishi kilikuwa usalama zaidi kuliko mpunga. Wandamba, ambao ndio wenyeji wa mto, waliishi kwa uvuvi, uwindaji wa viboko na kilimo cha mpunga, na mitumbwi yao iliwawezesha kukaa katikati ya maji na matete mahali ambapo adui anayekwenda kwa miguu hakuweza kufika upesi. Kutoka nyanda za juu za Iringa Wahehe walishuka kupora. Wabena waliosukumwa na mashambulizi hayo waliteremka bondeni katika miaka ya 1870 na kujenga himaya mpya kando ya mito. Nao Wambunga, watu waliotokana na misafara ya Wangoni, walikuwa wamekwisha kujiimarisha katika nchi ya Ifakara tangu miaka ya 1860. Katika mazingira hayo umbali mzuri ulikuwa umbali usiopitika. Nyumba ilikuwa karibu na majirani wa ukoo mmoja na mbali na njia kuu, na mama aliyekwenda kuchota maji alihesabu hatari ya njiani kabla ya kuhesabu hatua. Ni vyema kulikumbuka hilo, kwa sababu waandishi wa baadaye waliolalamika kwamba watu wa bonde wametawanyika ovyo hawakuuliza sana kutawanyika huko kulikuwa na faida gani.

Utawala wa Kijerumani ulileta kipimo kingine, nacho kilikuwa kodi. Kodi ya nyumba iliyoanza kutozwa mwaka 1898 iliifanya nyumba iliyo karibu na barabara kuwa nyumba inayohesabika, na iliyofichika kuwa nafuu kwa mwenyewe. Vita vya Maji Maji vilipofika bondeni, Wapogoro, wenyeji wa Mahenge, na Wambunga walishirikiana kulishambulia boma la Mahenge tarehe 30 Agosti 1905, ilhali Kiwanga, mtawala wa Wabena wa bondeni, alisimama upande wa Wajerumani na kuuawa katika vita hivyo. Majeshi ya serikali yalijibu kwa kuchoma vijiji na maghala, njaa ikafuata, na familia nyingi zikahama si kwa kuchagua bali kwa kukimbilia palipobaki chakula. Katika Vita Kuu ya Kwanza Mahenge iligeuka tena kuwa ngome ya Wajerumani, hadi Wabelgiji walipoitwaa mwaka 1917, na wapagazi pamoja na chakula cha bonde vilichukuliwa kwa mara nyingine. Kwa kizazi kilichozaliwa kati ya 1890 na 1920, kuhama lilikuwa jambo la kawaida kuliko kukaa.

Kilichoanza kuwafunga watu mahali pamoja kwa hiari yao kilikuwa misheni. Wabenedikto wa St. Ottilien walianzisha kituo cha Kwiro, karibu na Mahenge, mwaka 1902, na baada ya vita Wakapuchini kutoka Uswisi walichukua eneo hilo mwaka 1921. Ifakara ilipata kanisa, shule, na hatimaye hospitali ya Mtakatifu Fransisko, iliyohudumiwa kwa miaka mingi na masista wa Baldegg, pamoja na makazi ya wagonjwa wa ukoma yaliyoitwa Nazareti. Mwaka 1957 Profesa Rudolf Geigy wa Taasisi ya Magonjwa ya Kitropiki ya Basel alianzisha Ifakara maabara ya utafiti, ambayo baada ya mabadiliko kadhaa ndiyo inayojulikana leo kama Taasisi ya Afya Ifakara, na mwaka 1961 kikafuata kituo cha kufundishia watumishi wa afya. Umuhimu wa majengo hayo kwa historia ya makazi haukuishia kwenye tiba. Mji mdogo wa kivuko na soko ulipata sababu ya tatu ya watu kuja na familia zao, na sababu hiyo ilikuwa na umbali wake maalumu, kwa kuwa mgonjwa wa homa kali au mjamzito aliyeshikwa na uchungu usiku hakufikishwa hospitali kwa gari bali kwa machela, kwa mtumbwi, au baadaye kwa baiskeli.

Hapo ndipo ilipokomaa desturi ambayo hadi leo ndiyo njia kuu ya kuchagua mtaa, nayo ni kufikia kwa ndugu. Mtu anayetoka Malinyi, Mofu au Mahenge haanzi kwa kutazama mji wote na kulinganisha vitongoji. Huanza kwa kuuliza ni nani wa ukoo, wa parokia au wa kijiji chake aliyekwisha kutangulia, hufikia kwake, hukaa mwezi au msimu, hujifunza ni kisima kipi kinachokauka na ni njia ipi isiyopitika masika, kisha hupanga chumba jirani na hapo na mwishowe hununua kiwanja. Tangu miaka ya 1960 mgeni huyo alitakiwa pia ajulishwe kwa balozi wa nyumba kumi, kiongozi wa kundi dogo la kaya lililowekwa na chama cha TANU, ili ajulikane ni mgeni wa nani. Mpango huo ulikuwa na sura ya ukaguzi wa kisiasa, na wapo waliouchukia kwa sababu hiyo. Hata hivyo ulimpa mtoto mgeni watu wazima kumi waliojua jina la baba yake, jambo ambalo wazazi wa miji mikubwa ya leo hulitafuta kwa kujenga kuta.

Waingereza, kwa upande wao, walikuja na hoja ya afya. Katika sehemu nyingi za Tanganyika waliwahamisha watu kutoka katika misitu yenye ndorobo, mbung'o wanaoeneza malale, na kuwakusanya katika makazi ya pamoja ambamo msitu ulifyekwa, na katika miaka ya 1940 Wilaya ya Ulanga, ambayo wakati huo ilijumuisha bonde lote, nayo ilipata makazi ya aina hiyo. Wakuu wa wilaya walifurahia zaidi ya kupungua kwa malale, kwa sababu watu waliokusanywa walitozwa kodi kwa urahisi, walifikiwa na zahanati na walitumwa kulima pamba. Arthur na Geraldine Culwick, mume na mke waliochapisha mwaka 1935 kitabu juu ya Wabena wa mitoni, walikuwa miongoni mwa wachache wa utawala ule walioichunguza kwa makini hali ya watu wa Ulanga, na maandishi yao yana thamani hadi leo hata kama msomaji atakataa mtazamo wao wa kikoloni. Ila mpango wenyewe ulikuwa na kasoro ambayo ingerudi baada ya miaka thelathini: ulihesabu hatua kutoka nyumba hadi zahanati, ukasahau kuhesabu hatua kutoka nyumba hadi shamba.

Baada ya uhuru serikali mpya ilijaribu kwanza skimu za makazi, yaani vijiji vilivyopangwa na kugharimiwa ili vilime kwa mitambo, lakini mpango huo wa kitaifa uliachwa mwaka 1966 kwa kuwa gharama zake zilizidi mavuno. Azimio la Arusha la tarehe 5 Februari 1967 na siasa ya ujamaa vijijini vilifungua ukurasa mwingine, ambao mwanzoni ulikuwa wa hiari. Kijiji cha Msolwa Ujamaa, chini ya Udzungwa, bado kinabeba katika jina lake kumbukumbu ya kipindi hicho. Mnamo Novemba 1973 Mwalimu Julius Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini kumekuwa amri, na kwamba ifikapo mwisho wa 1976 wananchi wote wa mashambani wawe wamehamia, na operesheni iliyofuata ilibadilisha ramani ya Kilombero kuliko vita vyovyote. Watu waliokaa kando ya mto na kwenye vishoroba vya mbuga waliletwa juu, kando ya barabara na reli, wakagawiwa viwanja kwa mistari, na katikati pakaachwa nafasi ya shule, zahanati, ghala na ofisi ya chama. Sheria ya vijiji ya mwaka 1975 ilidai kijiji kiwe na kaya zisizopungua 250, kaya ikiwa na maana ya watu wanaokula chungu kimoja.

Idadi hiyo inahusiana na swali ambalo wapangaji wa miji walikuwa wakiliuliza mahali pengine pia, nalo ni watu wangapi wanahitajika ili shule moja itoshe na iwe karibu na wote. Mwaka 1929 Mmarekani Clarence Perry, katika mpango wa jiji la New York na viunga vyake, alipendekeza mtaa uwe na shule ya msingi katikati yake, kiasi kwamba mtoto aifikie kwa kutembea robo maili hivi bila kuvuka barabara kubwa, na duka na uwanja wa michezo viwe ndani ya umbali huohuo. Kijiji cha ujamaa kilichochorwa kwenye karatasi kilifanana sana na mtaa wa Perry, na kwa upande wa shule kilifanikiwa: elimu ya msingi kwa wote ilipotangazwa kuanza mwaka 1977, watoto wa Kilombero ambao wazazi wao walikuwa wakiishi saa tatu kutoka kwa mwalimu sasa waliamka na kengele ya shule masikioni. Tofauti ilikuwa kwamba mkazi wa mtaa wa Perry alikwenda kazini kwa gari la moshi au gari lake, na mahali pa kazi yake hapakuhitaji kulindwa usiku. Mkulima wa mpunga aliyehamishiwa kando ya barabara alikuwa ameacha mbugani kitu ambacho hakiwezi kuachwa peke yake.

Mpunga wa Kilombero hutegemea mvua na mafuriko, na kazi zake hazisubiri. Kupanda, kupalilia na hasa kuamia, yaani kuwafukuza ndege kutoka asubuhi hadi jioni wakati punje zinapojaa maziwa, humtaka mtu awe shambani, na usiku kuna nguruwe, viboko na wakati mwingine tembo. Kwa hiyo familia nyingi za bonde zina nyumba mbili. Ya kwanza iko kijijini au mjini, ya matofali na bati kwa aliyejaliwa. Ya pili ni dungu, kijumba cha miti na nyasi kilichojengwa shambani, aghalabu juu ya nguzo ili maji yapite chini na mlinzi aone mbali. Kuanzia Desemba au Januari hadi mavuno ya Juni na Julai, vijiji hupungukiwa watu wazima huku mbuga ikijaa moshi wa mafiga. Watoto wa shule huachwa kwa bibi au kwa dada mkubwa, wadogo wanaonyonya huenda na mama, na baba huwa njiani kati ya sehemu hizo mbili, akipeleka unga na chumvi na kurudi na habari.

Wataalamu wa mipango walizoea kuiona desturi hiyo kama ukaidi wa watu waliokataa kuhama sawasawa. Kwa kweli ni suluhisho lenye akili kwa tatizo ambalo ramani za operesheni hazikuliona: kwa kuwa hakuna mahali pamoja palipokuwa karibu na shule na shamba kwa wakati mmoja, familia iligawanyika kwa msimu, ikamweka kila mtu karibu na kilichomhusu. Bei ya suluhisho hilo ililipwa kwa afya. Watafiti wa Ifakara, ambao mwaka 1996 walianza kuendesha mfumo wa kuandikisha vizazi, vifo na uhamaji katika vijiji 25 vya Kilombero na Ulanga, walionyesha kwamba mtoto anayeugua akiwa dunguni yuko mbali na dawa kuliko yule wa kijijini, na dungu lililo wazi pande zote halimzuii mbu. Ndiyo maana kampeni ya kueneza vyandarua vyenye dawa, iliyoanza katika wilaya hizo mwaka 1997, ililazimika kumfuata mkulima hadi mbugani. Tathmini yake ilionyesha kwamba matumizi ya vyandarua hivyo yaliongeza uhai wa watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne kwa asilimia 27. Familia zenye busara zilinunua chandarua cha nyumbani na cha shamba, na zisizoweza zilikibeba kimoja zikienda na kurudi.

Wakati operesheni ya vijiji ikiendelea, reli ilikuwa ikijengwa. TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilijengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975 na kukabidhiwa rasmi Julai 1976. Iliingia bondeni karibu na Kidatu, ikafuata ukingo wa milima kupitia Mang'ula, Ifakara, Mbingu na Chita hadi Mlimba, kisha ikapanda kuelekea Makambako kwa mahandaki na madaraja mengi. Madhumuni yake yalikuwa kuiokoa shaba ya Zambia isitegemee njia za makaburu na walowezi wa kusini, na wakulima wa mpunga hawakuwa katika hesabu ya kwanza. Hata hivyo watu hawakukawia kuitumia kwa mambo yao. Treni fupi ya kawaida iliyosimama katika kila kituo, ambayo abiria waliiita kipisi, ilibeba mpunga, ndizi, samaki wakavu, kuku, wagonjwa na wanafunzi, na kwa mara ya kwanza familia iliweza kuishi kwenye kituo kimoja na kulima kwenye kingine bila kutembea siku nzima.

Jamie Monson, mwanahistoria wa Marekani aliyeichunguza reli hiyo kwa miaka mingi, ameonyesha jinsi vituo vidogo vilivyovuta wakazi hata baada ya amri ya vijiji kulegea. Jambo hilo linastahili kuzingatiwa, kwa sababu linatofautisha makazi ya kulazimishwa na makazi ya kuvutwa. Sehemu nyingi za nchi zilishuhudia watu wakirudi kwenye mahame yao, yaani makazi waliyoyaacha, mara mkono wa serikali ulipolegea katika miaka ya 1980. Kando ya reli ya Kilombero wengi walibaki, na wageni wakaongezeka kutoka Iringa, Njombe na Mbeya, kwa kuwa kituo kiliwapa kile ambacho kijiji kilichopangwa kiliahidi bila kukitimiza. Mama wa Mbingu aliyeweza kuuza ndoo ya mchele dirishani mwa behewa, akanunua sabuni na daftari, na kurudi nyumbani kabla ya jua kuwaka, alikuwa na soko, duka na usafiri ndani ya dakika chache za mguu. Treni ilipoanza kuchelewa na safari kupunguzwa, vijiji vilivyotegemea kituo peke yake viliumia kuliko vile vilivyokuwa na barabara pia.

Upande wa Kidatu hali ilikuwa tofauti. Kiwanda cha sukari cha Kilombero, kilichoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na baadaye bwawa la umeme la Kidatu, viliwaleta wafanyakazi kutoka kila pembe ya nchi, na nyumba zao zilipangwa na mwajiri. Chini ya Udzungwa, ardhi kati ya msitu na miwa ni nyembamba, na hifadhi ya taifa ya milima hiyo ilipotangazwa mwaka 1992, ikiwa na kilomita za mraba 1,990, mpaka wa upande mmoja ukafungwa kabisa. Kwa muda wanawake wa vijiji kama Mang'ula na Sanje waliruhusiwa kuingia kwa siku maalumu kuokota kuni, lakini ruhusa hiyo ilisitishwa mwaka 2011, na nyumba iliyokuwa ikitafutwa kwa sababu ya ukaribu wake na kuni ikapoteza sifa hiyo kwa tangazo moja. Upo ushahidi hapo kwamba ukaribu si umbali wa ardhi tu. Njia fupi iliyofungwa ni ndefu kuliko njia ndefu iliyo wazi. Wafugaji waliofika bondeni na mifugo yao, wengi wao baada ya kuondolewa Usangu mwaka 2006, walijifunza jambo hilohilo kwa uchungu zaidi katika operesheni ya kuondoa mifugo iliyoanza mwishoni mwa 2012.

Ifakara yenyewe ilikua kwa kujumlisha sababu hizo zote. Mji wa zamani ulikuwa kati ya soko na misheni. Hospitali na maabara vikavuta upande wao. Barabara ya Mlimba ikaikuza Kibaoni. Kituo cha reli kikavuta watu pembezoni mwa mji wa zamani. Na upimaji wa ardhi ukazaa mitaa ya mistari kama Viwanja Sitini, kata ambayo, kama jina linavyodokeza, ilianza kwa viwanja vilivyohesabika. Kati ya sehemu hizo chombo kikuu kilikuwa baiskeli, iliyofaa nchi tambarare kuliko chombo kingine chochote, na kwa miongo kadhaa mtaa mzuri wa Ifakara ulikuwa ule ambao baba aliweza kumpakia mtoto mbele na gunia nyuma akafika sokoni bila kushuka. Bodaboda zimebadilisha mwendo wa mji tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, ingawa hazijabadilisha ukweli kwamba watoto wa shule za msingi huenda kwa miguu.

Faida ya kuishi mjini ilikuja kupimwa kwa njia isiyo ya kawaida, kwa kuhesabu mbu. Katika kijiji cha Namawala, magharibi mwa Ifakara, uchunguzi wa miaka ya 1990 ulikadiria kwamba mtu mmoja aliumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka, ilhali ndani ya Ifakara makadirio yalikuwa takribani sehemu moja ya kumi ya hiyo. Tofauti hiyo, iliyotokana na msongamano wa nyumba, kupungua kwa madimbwi na mbu wachache kugawana watu wengi, ni kubwa kuliko tofauti ya kodi ya chumba, na huenda ndiyo sababu isiyosemwa iliyowafanya wazazi wengi waone kwamba watoto wao mjini hawaugui kama wa shamba.

Lakini mji una maji yake. Mto Lumemo, unaoshuka kutoka Udzungwa na kupita kando ya Ifakara, hujaa kwa saa chache mvua kubwa inaponyesha milimani, hata kama mjini jua linawaka, na kila mara unapovunja kingo zake huwaonyesha walionunua viwanja kiangazi ni kipi walichonunua. Maji ya ardhini yako karibu na uso wa nchi. Jambo hilo lilifanya visima vifupi kuwa rahisi kuchimba na vyoo vya shimo kuwa rahisi kujaa, na mahali ambapo viwili hivyo vimesogeleana mno, kuhara kumekuwa jirani wa kudumu. Wazee wa mji walijua kwamba miembe mikubwa na makaburi ya zamani viko pakavu, nao walijenga karibu navyo. Upimaji wa kisasa, uliofuata mistari iliyonyooka, haukuwauliza sana.

Kusini mwa mji, kivuko cha mto kilibaki kuwa mpaka wa maisha ya kila siku kwa muda mrefu. Pantoni iliyovusha watu na magari kuelekea Lupiro na Mahenge ilizama Januari 2016, na ajali hiyo iliwakumbusha wote kwamba mtu anayeishi ng'ambo ya Kilombero hawezi kuhesabiwa kuwa karibu na hospitali hata kama anaiona njia yake. Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, lilipofunguliwa mwaka 2018, vijiji vya upande wa Ulanga viliingia katika eneo linalofikika kwa urahisi kutoka Ifakara kwa mara ya kwanza katika historia yake, na wakulima wakaanza kupanga mjini huku wakilima ng'ambo. Lami ya kutoka Kidatu imefanya safari ya Morogoro kuwa fupi; pia imefanya magari yaende kasi mbele ya shule ambazo operesheni ya vijiji ilizijenga kando ya barabara kwa makusudi, wakati barabara hiyo ilipokuwa ya vumbi na lori moja lilipita kwa saa.

Ikiwa kuna hukumu inayoweza kutolewa juu ya mambo haya, ni kwamba serikali mbili za mwisho zilikuwa sahihi kutaka watu wawe karibu na huduma, na zote mbili zilikosea kudhani kwamba ukaribu una kitovu kimoja. Wakazi wa bonde walijua kwamba una vitovu viwili au vitatu vinavyobadilika kwa msimu, wakajipanga hivyo, na mji unaokua sasa utawafaa watoto wao iwapo wapimaji wa viwanja wataanza na njia za miguu, visima na mkondo wa Lumemo kabla ya kuchora barabara za magari. Kwa familia inayohamia Ifakara leo, iwe ya muuguzi, ya mwalimu au ya mkulima aliyechoka na dungu, ushauri unaotokana na historia hii ni mfupi: isinunue kiwanja kilichoonyeshwa Septemba hadi ikitembelee Aprili, pamoja na mtoto, kutoka mlangoni hadi shuleni na kurudi.